Aleijadinho: Mwana wa mtumwa aliyechonga nyuso za makanisa

Tarehe 18 mwezi Novemba mwaka 1814, katika mji wa Vila Rica uliopata kuwa kitovu cha machimbo ya dhahabu nchini Brazil, alifariki dunia mzee mmoja kipofu ambaye kwa muda mrefu hakuweza kuinuka kitandani. Vidole vyake vingi vilikuwa vimekwisha kukatika, na miguu yake ilikuwa imeacha kumbeba zamani. Alizikwa katika kanisa la mtaa alikokulia, bila ya kuacha mali ya kutajika.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Antônio Francisco Lisboa, lakini watu walimwita Aleijadinho, neno la Kireno lenye maana ya kilema mdogo. Hivi leo anahesabiwa kuwa mchongaji mkubwa kuliko wote waliotokea Brazil katika enzi ya ukoloni, na mwaka 1973 sheria ya nchi hiyo ilimtangaza kuwa msimamizi wa sanaa ya taifa. Mama yake alikuwa mtumwa kutoka Afrika.

Mtindo alioufanyia kazi unaitwa baroko. Ulichipuka mjini Roma kuelekea mwisho wa karne ya 16, wakati Kanisa Katoliki lilipokuwa likijibu upinzani wa Waprotestanti, na ukaenea popote walipofika Wareno na Wahispania. Ndani ya mtindo huo, ukuta wa nje wa kanisa haukuachwa uwe ukuta tu. Uligeuzwa kuwa jukwaa: nguzo zilizosokotwa, malaika wanaoruka juu ya milango, watakatifu ambao nguo zao zinapeperuka kana kwamba upepo unavuma ndani ya jiwe. Lengo lilikuwa kumgusa mpita njia kabla hajavuka kizingiti.

Aliyetembelea Durban, Afrika Kusini, amemwona mjukuu wa mbali wa mtindo huo. Jumba la Halmashauri ya Jiji la Durban, lililokamilika mwaka 1910 kwa kufuata mfano wa lile la Belfast, lina kuba, nguzo na sanamu zilizopangwa kwa mikogo ile ile. Hata hivyo, hilo ni jengo la serikali, na baroko yake ni ya kuigwa, miaka mia moja na zaidi baada ya mtindo wenyewe kupita. Katika Brazil ya karne ya 18 baroko ilikuwa lugha hai ya ibada, na aliyeizungumza kwa ufasaha kuliko wote alikuwa chotara.

Mji uliojengwa kwa dhahabu

Dhahabu iligunduliwa katika milima ya Minas Gerais katika miaka ya 1690, na mwaka 1711 Vila Rica ukapewa hadhi ya mji. Waliochimba ni watumwa. Maelfu kwa maelfu yao walivushwa bahari kutoka Afrika Magharibi na kutoka Kongo na Angola, kisha wakatembezwa kwa miguu kutoka pwani hadi milimani.

Baadaye biashara hiyo ilifika pia upande wetu wa bara. Kuelekea mwisho wa karne ya 18 na katika karne ya 19, meli za Wareno na Wabrazil zilichukua watu kutoka Msumbiji, na hadi leo katika ngoma za kidini za watu weusi wa Minas Gerais kuna vikundi vinavyoitwa kwa jina la Msumbiji. Durban nayo inaijua historia hiyo. Kati ya mwaka 1873 na 1880, Waingereza waliwashusha huko watu wapatao 500 waliokombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji. Kwa kuwa walipitia Unguja, wakaitwa Wazanzibari, jina ambalo wajukuu wao wanalo hadi leo. Wamakua hao waliponea njiani. Waliouzwa Brazil hawakupata bahati hiyo.

Mfalme wa Ureno, akihofia dhahabu kutoroshwa kwa magendo, aliwapiga marufuku watawa kuweka nyumba zao katika eneo la machimbo. Kwa sababu hiyo makanisa hayakujengwa na mashirika ya watawa kama kwingineko, bali na vyama vya waumini wa kawaida, na vyama hivyo viligawanyika kwa rangi. Matajiri wa Kizungu walikuwa na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko na ule wa Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Weusi, watumwa na walioachwa huru, walikuwa na vyama vya Bikira Maria wa Rozari. Machotara walikuwa na chama cha Mtakatifu Yosefu.

Kila chama kilitaka kanisa lake lipendeze kuliko la jirani. Mashindano hayo ndiyo yaliyowapatia mafundi kazi kwa zaidi ya nusu karne.

Mtoto wa Isabel

Mwaka aliozaliwa Antônio Francisco haujulikani kwa yakini. Hati moja ya ubatizo inaonyesha mwaka 1730, ilhali umri ulioandikwa katika kumbukumbu ya kifo chake unarudisha kuzaliwa kwake mwaka 1738, na watafiti wengi wanaegemea tarehe hiyo ya pili. Baba yake, Manuel Francisco Lisboa, alikuwa seremala na mjenzi mashuhuri kutoka Ureno. Mama yake anatajwa kwa jina moja tu, Isabel, jina alilopewa na waliomnunua. Jina aliloitwa kwao Afrika halikuandikwa popote.

Kwa sheria za wakati huo, mtoto wa mtumwa alikuwa mtumwa. Siku ya ubatizo baba yake alimwacha huru, na kwa tendo hilo mtoto akaepuka machimbo. Alikulia kwenye karakana ya baba, ambako pia baba yake mdogo, Antônio Francisco Pombal, alikuwa bingwa wa kuchonga mbao. Hakupata kusafiri kwenda Ulaya. Makanisa ya Ureno, Italia na Ujerumani aliyajua kwa kuangalia picha zilizochapwa katika vitabu, na kwa kuwatazama mafundi wa Kireno waliokuwa wakifanya kazi karibu naye.

Uhuru wake ulikuwa na mipaka. Machotara walifungiwa nyadhifa nyingi za umma, na vyama vya Wazungu vilidai damu safi kwa kila aliyeomba kujiunga. Mwaka 1772 Antônio Francisco alijiunga na chama cha Mtakatifu Yosefu, chama cha machotara. Wakati huo huo alikuwa akiwachongea matajiri wa Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko mimbari za kanisa lao. Angeweza kuwapa sura ya kanisa, lakini hakuweza kuwa mmoja wao.

Mlango wa Mtakatifu Fransisko

Kanisa hilo la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, lililoanza kujengwa mwaka 1766, ndilo linalotajwa zaidi kati ya kazi zake za ujanani. Minara yake miwili ni ya mviringo na imerudishwa nyuma, hivyo macho ya mtu anayelikaribia yanakwenda moja kwa moja kwenye mlango mkuu.

Juu ya mlango huo kuna sanamu za malaika, ngao mbili, na sura ya Bikira Maria ndani ya duara la maua. Juu zaidi, mahali ambapo makanisa mengine ya wakati huo yaliweka dirisha la mviringo, yeye aliliziba tundu na kuweka mchongo wa Mtakatifu Fransisko akiwa amepiga magoti mlimani, akipokea madonda ya Kristo katika viganja vyake. Mlango, ngao, malaika na mtakatifu vinashikana kama habari moja inayopanda kutoka ardhini kwenda juu.

Alichongea jiwe la sabuni, lenye rangi ya kijivu iliyochanganyika na kijani na samawati. Msomaji wa Kenya halioni geni jiwe hilo, kwani ni la ukoo mmoja na lile linalochimbwa Tabaka, katika nchi ya Wakisii. Likitoka machimboni huwa laini, hata kisu hulikata. Likikaa juani na katika hewa huwa gumu zaidi. Mafundi wa Kireno walizoea kuletewa mawe kutoka kwao kwa ajili ya milango ya makanisa ya pwani, lakini milimani hilo lilikuwa ghali mno. Antônio Francisco aliuchukua udhaifu huo akaufanya kuwa nguvu yake. Jiwe laini lilimruhusu kuchonga mikunjo ya nguo, nywele na mabawa kwa wepesi ambao jiwe gumu lisingeukubali.

Sifa zake zikaenea. Aliitwa Sabará kuchonga mlango wa kanisa la Wakarmeli, na kwa ajili ya mji wa São João del-Rei alichora ramani ya kanisa jingine la Mtakatifu Fransisko. Katika miaka hiyo ya 1770 alipata pia mtoto wa kiume na mwanamke aliyeitwa Narcisa Rodrigues da Conceição. Mtoto huyo alipewa jina la babu yake, Manuel Francisco Lisboa.

Ugonjwa usio na jina

Mwaka 1777, kwa mujibu wa mwandishi wa kwanza wa maisha yake, Rodrigo José Ferreira Bretas, ugonjwa ulimwingia. Vidole vya miguu vilikatika kimoja baada ya kingine, hata akalazimika kutembea kwa magoti. Vidole vya mikono vilijikunja na kukauka, na baadhi yake vikaanguka. Uso wake uliharibika, kope zikavimba, mdomo ukapinda. Bretas anasimulia kwamba maumivu yalipozidi, mgonjwa alichukua tindo yake na kujikata mwenyewe vidole vilivyomtesa.

Madaktari na wanahistoria wamebishana kwa miaka mingi juu ya ugonjwa huo. Wapo wanaosema ulikuwa ukoma, wapo wanaosema kaswende, na wengine wanataja pofiria, maradhi ya damu yanayoifanya ngozi isistahimili mwanga wa jua. Hakuna aliyeweza kuthibitisha.

Kinachosimuliwa kwa uhakika zaidi ni jinsi alivyojificha. Alikwenda kazini kabla ya mapambazuko na kurudi nyumbani usiku, amepanda punda, amevaa joho pana na kofia kubwa. Alipochonga mahali pa wazi, aliagiza pazia litundikwe kumzunguka. Mtu aliyekuwa akitengeneza vitu vya kutazamwa na mji mzima hakutaka yeye mwenyewe atazamwe.

Mikono ya watu watatu

Hapa ndipo hadithi inapokuwa nzito. Mwana huyo wa mtumwa alikuwa na watumwa. Bretas anawataja watatu kwa majina. Maurício, naye mchongaji, ndiye aliyemfunga bwana wake nyundo na tindo kwenye mikono isiyokuwa na vidole, na kumfungia magotini vipande vya ngozi na mbao ili aweze kupanda ngazi. Agostinho alimsaidia kuchonga mapambo. Januário alimwongoza punda.

Kuhusu Januário inasimuliwa kwamba alipogundua amenunuliwa na bwana mwenye sura ile, alijaribu kujiua. Baadaye alizoea na kumtumikia kwa uaminifu. Maurício, inasemekana, aligawana mapato na bwana wake nusu kwa nusu, jambo lisilo la kawaida kabisa kwa mtumwa. Lakini pia inasimuliwa kwamba Maurício huyo huyo alipigwa mara kwa mara na bwana wake, kwa nyundo zile zile alizomfunga mkononi, kila kazi ilipokwenda kombo.

Wasifu mwingi wa Aleijadinho hupita haraka katika ukurasa huu, kwa kuwa msomaji angependa aliyeonewa asiwe mwonevu. Ukweli ni kwamba katika Vila Rica kumiliki mtumwa kulikuwa kawaida ya kila fundi aliyejiweza, mweupe au chotara, na hata weusi walioachwa huru. Utumwa haukuwa ukuta unaowatenga watu wabaya na wema. Ulikuwa hewa ya mji mzima. Aliyetolewa humo siku ya ubatizo wake aliendelea kuivuta.

Kwa upande wa sanaa, jambo hilo linaleta swali lisiloepukika. Ikiwa bwana hakuwa na vidole, ni mkono wa nani ulioshika tindo? Jibu la watafiti ni kwamba ile ilikuwa karakana, kama zilivyokuwa karakana zote za baroko, Roma au Brazil. Mkuu alibuni, akachonga nyuso na sehemu ngumu, na wasaidizi wakamalizia. Tofauti ni kwamba wasaidizi wa Roma walikuwa watu huru, na wengine wao walifungua karakana zao. Maurício hakupata nafasi hiyo.

Manabii kumi na wawili

Kazi yake kubwa kuliko zote haiko Vila Rica. Iko Congonhas, juu ya kilima, kwenye kanisa la hija la Bwana Yesu Mwema wa Matosinhos. Kanisa hilo lilianzishwa mwaka 1757 na mchimbaji wa Kireno, Feliciano Mendes, aliyeweka nadhiri baada ya kupona ugonjwa.

Antônio Francisco aliitwa huko mwaka 1796, akiwa mgonjwa kwa karibu miaka 20. Kwanza, hadi mwaka 1799, yeye na karakana yake walichonga kwa mbao za mwerezi sanamu 66 za ukubwa wa mtu, zinazoonyesha mateso ya Yesu kuanzia Karamu ya Mwisho hadi kusulubiwa. Sanamu hizo zimewekwa ndani ya vikanisa sita vilivyopangwa pande mbili za njia inayopanda kilima.

Kisha, kati ya mwaka 1800 na 1805, akarudi kwenye jiwe la sabuni na kuchonga manabii 12. Hao hawakuwekwa ndani. Walisimamishwa nje, juu ya kuta za ngazi na za uwanja ulio mbele ya kanisa: Isaya na Yeremia chini kabisa, wakimpokea anayepanda, kisha Baruku, Ezekieli, Danieli, Hosea, Yoeli, Amosi, Obadia, Yona, Nahumu na Habakuki. Kila mmoja ameshika ukurasa uliokunjuka, ulioandikwa maneno ya unabii kwa Kilatini. Karibu wote wamevaa vilemba na majoho ya watu wa Mashariki, jinsi wachoraji wa Ulaya walivyowadhania Wayahudi wa kale. Danieli ana simba miguuni pake, Yona ana nyangumi.

Ukisimama karibu na nabii mmoja, utaona kasoro. Mkono huu ni mfupi mno, kichwa kile ni kikubwa mno. Wengine wanasema kasoro hizo ni za wasaidizi, wengine wanasema ni za makusudi, kwa kuwa sanamu zilikusudiwa kutazamwa kutoka chini. Lakini atakayeanza kupanda ngazi ataona jambo jingine. Kila hatua inabadilisha mpangilio wao. Mmoja anainua mkono, mwingine anageuka, wa tatu anatokeza nyuma ya bega la mwenzake, kana kwamba wanajibizana juu ya kichwa cha msafiri. Kanisa lenyewe, lililo nyuma yao, ni la kawaida. Wao ndio wanaolipa sauti.

Miaka hiyo ilikuwa ya hofu. Mwaka 1789 njama ya kutaka kujitenga na Ureno ilifichuliwa katika Vila Rica, na mwaka 1792 mmoja wa viongozi wake, aliyejulikana kwa jina la Tiradentes, alinyongwa Rio de Janeiro na kichwa chake kikaletwa kutundikwa katika uwanja wa Vila Rica. Wapo wanaodai kwamba manabii wa Congonhas ni kumbukumbu ya siri ya watu wale. Ushahidi haupo. Lililo wazi ni kwamba dhahabu ilikuwa imepungua, matajiri wamefilisika, na manabii wanaoonya juu ya maangamizi ya miji hawakuwa wageni machoni pa waliopanda kilima kile.

Kusahauliwa na kurudi

Baada ya Congonhas alichonga altare za kanisa la Wakarmeli, akasimamia kadiri alivyoweza, na hatimaye macho yakazimika. Miaka yake ya mwisho aliipitisha nyumbani kwa Joana, mke wa mwanawe, aliyekuwa mkunga. Joana ndiye aliyemlisha na kumwosha. Na ni kwa kumhoji Joana, miongoni mwa wengine, kwamba Bretas aliweza kuandika wasifu wake na kuuchapisha mwaka 1858, miaka 44 baada ya kifo.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejali. Wasomi wa karne ya 19 waliidharau baroko kuwa ni mapambo ya kupita kiasi. Mambo yalibadilika mwaka 1924, pale kundi la waandishi na wachoraji wa São Paulo, akiwemo Mário de Andrade, lilipoitembelea miji ya dhahabu na kukuta sanaa ambayo Brazil haikuwa ikiithamini. Andrade alimwona mchongaji huyo chotara kuwa ndiye Mbrazil halisi wa kwanza. Mwaka 1963 Germain Bazin, mtunzaji wa picha katika jumba la makumbusho la Louvre mjini Paris, alichapisha kitabu kilichompa nafasi miongoni mwa wachongaji wakubwa wa dunia. Ouro Preto, jina jipya la Vila Rica, uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1980, na kanisa la Congonhas likafuata mwaka 1985.

Wapo pia waliosema kwamba Bretas alitia chumvi, na kwamba taifa lililohitaji shujaa lilimtengeneza. Kweli, kazi nyingi zisizo zake zimepachikwa jina lake, na hakuna picha yake isiyo na utata. Lakini hati za malipo za makanisa zimehifadhiwa, na saini yake imo.

Mwezi Septemba mwaka 2001, mkutano wa Umoja wa Mataifa dhidi ya ubaguzi wa rangi uliofanyika Durban ulitamka kwamba utumwa na biashara ya watumwa ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Brazil ilipeleka ujumbe mkubwa, na mkutano huo uliipa nguvu harakati ya Wabrazil weusi, iliyofikia mwaka 2012 kupatikana sheria ya nchi nzima inayowatengea nafasi katika vyuo vikuu vya serikali kuu. Tangu hapo maswali kuhusu Aleijadinho yamebadilika. Zamani watu waliuliza aliugua nini. Siku hizi wanauliza pia Isabel alitoka wapi, na ni sehemu gani ya malaika wale iliyochongwa na Maurício na Agostinho.

Manabii wangali nje. Mvua, ukungu wa kuvu na watu wanaochora majina yao juu ya mawe vimewadhuru, na imependekezwa mara nyingi kwamba waingizwe ndani na nakala zisimamishwe mahali pao. Jumba la makumbusho lilifunguliwa jirani mwezi Desemba mwaka 2015, nalo lina nakala kadhaa, lakini manabii wenyewe hawajahamishwa. Jiwe lililoweza kuchongwa na mtu asiye na vidole ni jiwe linaloweza pia kuchubuliwa na ukucha wa mtoto, na kila mwaka wanaobaki pale juani wanapoteza kidogo cha nyuso zao.